Mkaa umeshika, moshi umeisha, mbona mtoto bado anakohoa?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mabatini, Mwanza, kule juu mlimani, chumba na sebule vya kupanga. Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Tangu mvua zianze anakohoa usiku, anapata nafuu wiki moja, kinarudi tena. Napikia mkaa. Kiangazi napika barazani, lakini mvua ikinyesha naingiza jiko sebuleni, moto ukiwa umeshika vizuri na moshi umeisha kabisa. Alfajiri napika maandazi ya kuuza hapo hapo sebuleni, mtoto kalala chumbani. Usiku tunachoma dawa ya mbu kwa sababu chandarua kinamletea joto. Nyuma ya nyumba ni jiwe, na dirisha la chumbani ni moja tu, silifungui kwa ajili ya mbu na baridi ya ziwa. Jirani kanishauri nimpe maziwa kila siku yasafishe kifua, mwingine anasema niweke maua ndani yanavuta hewa chafu. Kuna kijana anauza mashine ya kusafisha hewa shilingi 380,000, nimefikiria kukopa kikoba. Nichukue? Au kosa ni la mkaa? Gesi naiogopa, nasikia inalipuka."

Dada yangu, usikope kwa ajili ya hiyo mashine. Sababu nitakupa huko mbele, ila nimelitanguliza hili ili usije ukasaini mkopo kesho kabla hujamaliza kusoma.

Na kabla ya hewa, tuanze na mtoto mwenyewe. Leo usiku akiwa amelala ametulia, mfunue nguo kifuani, shika simu yenye saa, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha mara mbili, maana watoto wadogo hupumua bila mpangilio: haraka kidogo, wanatulia, haraka tena. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida na anatakiwa aonwe siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ni nimonia. Ukiona sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kukuche. Vilevile akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachokula, akipata degedege, au akilegea kiasi kwamba haamki vizuri. Kutoka Mabatini kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando kwa bodaboda si mbali hata usiku wa manane. Kama hakuna hata kimoja cha hivyo, vuta kiti tuongee.

Unasema unaingiza jiko ndani moshi ukiwa umeisha. Karibu kila mama ninayemtembelea kwenye nyumba za milimani, iwe Mabatini, iwe Igogo, ananiambia maneno hayo hayo, na ananiambia kwa fahari ya mtu anayejua kutunza nyumba yake. Ninaelewa. Kuni zinaliza macho, mkaa ulioshika hauwashi macho wala koo, basi akili inasema hapa hakuna ubaya. Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Siku nyingine moto ukishika, zima taa, uangalie juu ya makaa kabla hujainjika sufuria. Utaona vimiali vya bluu vinacheza juu ya yale mekundu, vinawaka na kupotea. Hiyo bluu ni gesi inayoungua, inaitwa kaboni monoksaidi. Inatokea hivi: hewa inaingia jikoni kwa kile kidirisha cha chini. Makaa ya chini yanaitumia oksijeni yake, na hewa hiyo ikipanda kati ya makaa ya juu yenye joto kali, hakuna tena oksijeni ya kutosha kuunguza kila kitu kikamilifu. Kinachotoka juu ni kaboni monoksaidi. Ikiwahi kuwaka juu ya jiko, ndiyo hiyo bluu unayoiona. Isipowahi, au ukiweka sufuria ikaupoza mwali, inasambaa ndani ya nyumba. Haina rangi, haina harufu, haiwashi chochote. Kwa hiyo moshi ulipoisha, hii haikuisha. Jiko jekundu lililotulia, ambalo sote tulifundishwa kuwa ndilo salama kuingizwa ndani, ndilo linaloitoa kwa wingi.

Ndani ya mwili gesi hii inakwenda moja kwa moja kwenye damu. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni, inaikumbatia kaboni monoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Damu inazunguka kama kawaida lakini imebeba mzigo usio wake, na ubongo na moyo vinakosa pumzi. Nikuulize: siku za mvua, ukimaliza maandazi, kichwa hakikuumi? Hujisikii kizunguzungu au kichefuchefu, kisha ukitoka kwenda kuuza kinaachia taratibu kufikia mchana? Ukiwa kwenye hewa safi, gesi hiyo hupungua kwenye damu kwa nusu kila baada ya muda wa saa 5 hivi, ndiyo maana nafuu inakuja taratibu. Wengi husema ni uchovu wa kuamka saa kumi.

Lakini niwe mkweli kwako: kaboni monoksaidi haisababishi kikohozi. Ni hatari ya aina yake, na inaua watu waliolala na jiko ndani, hasa msimu wa baridi au mama aliyejifungua anapowekewa mkaa chumbani apate joto pamoja na kichanga. Kikohozi cha mwanao tukitafute kwingine.

Kikohozi kinaletwa na chembe ndogo zinazoelea hewani. Zile zinazotusumbua zaidi zina kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Zikipangwa foleni chembe kama 30 za ukubwa huo, ndipo zinafika unene wa unywele mmoja. Vumbi la barabarani linanaswa puani na kooni. Hizi zinapita, zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, zinawasha na kuvimbisha njia za hewa na kudhoofisha vile vijinywele vinavyofagia makohozi kuyapandisha juu. Kikija kirusi cha mafua, na wakati wa mvua tukijibana ndani vinaambukizana kwa wepesi, kinakuta mlango hauna mlinzi. Mtoto naye anapumua mara nyingi kuliko wewe, na kwa uzito wake anaingiza hewa nyingi kuliko wewe. Shirika la Afya Duniani linasema kuishi na moshi wa nyumbani kunakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia.

Sasa, kwenye maelezo yako, chembe hizo zinatoka wapi? Ungeniuliza nionyeshe kidole, nisingeanza na mkaa. Ningeanza na dawa ya mbu.

Ile duara ya kijani unaiwasha saa tatu usiku, inaungua polepole hadi alfajiri, futi chache kutoka pua ya mtoto, dirisha limefungwa. Ni unga wa mbao na gundi uliochanganywa na kidogo cha dawa. Kinachofukuza mbu ni hicho kidogo, kilichobaki ni kuni. Watafiti waliopima moshi wake, kazi yao ikachapishwa 2003, walikuta duara moja likiungua lote hutoa chembe hizo ndogo kwa uzito sawa na sigara 75 hadi 137, kulingana na aina. Hakuna mama wa Mabatini atakayemruhusu mgeni avute sigara hata 5 chumbani kwa mtoto.

Siwezi kukuambia acha tu dawa ya mbu. Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi, na malaria itamuua mtoto upesi kuliko moshi. Ninachokuambia ni urudi kwenye chandarua chenye dawa, na joto lake tulitatue. Kinaleta joto kwa sababu chumba kimefungwa kabisa. Nunua wavu wa dirisha wa mita kwa dukani, fundi aupigilie kwa vipande vya mbao kwa nje, dirisha likae wazi usiku bila mbu kuingia. Chandarua kitundike juu, kisimkalie mtoto usoni, na chini kichomekwe godoroni. Ukiwa bado hujapata wavu na huna budi kuwasha duara, liwashe jioni kabla hamjalala, mtoto akiwa nje ya chumba, ulizime, ufungue hewa ibadilike, ndipo muingie chini ya chandarua.

Baridi ya ziwa isikutishe. Upepo wa usiku haumpi mtoto nimonia. Mvishe soksi na fulana, mfunike, mwache apumue hewa ya nje.

Nyumba yako iliyoegemea jiwe ina tatizo ambalo nyumba ya tambarare haina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ushauri mwingi unaosambazwa unasema "fungua madirisha" kana kwamba kila mtu anayo mawili yanayotazamana. Hewa haiingii mahali isipokuwa ina pa kutokea. Upande wako wa nyuma ni jiwe, kwa hiyo hewa ya ziwa inafika dirishani, inagonga ukuta na kugeuka. Chukua kipande chembamba cha kanga iliyochakaa, urefu wa mkono, ukifunge juu ya mlango wa sebule ukiwa umeufungua. Kiangalie saa nne asubuhi, saa kumi jioni na kabla ya kulala. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, ya ziwa inakuja kujaza, basi upepo unatoka ziwani. Usiku inageuka, upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, mara nyingi dhaifu sana. Kitambaa kitakuonyesha nyumba yako inapumua saa ngapi na inaziba pumzi saa ngapi. Nimewahi kukaa na mama mmoja mlangoni kwake tukikitazama. Saa kumi jioni kilikuwa kinapepea kama bendera ya mtumbwi. Saa kumi na moja alfajiri, saa yake ya kupika, kilining'inia bila kutikisika.

Ndiyo saa yako pia ya maandazi. Hewa imelala, mlango umeufungua nusu kwa ajili ya mvua, jiko jekundu sebuleni, mafuta yanachemka. Na mafuta yakipitiliza joto, yale yanayoanza kufuka moshi mwembamba wa samawati na kuwasha macho, nayo yanatoa chembe zile zile. Pitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa chumbani. Ile nta ya kahawia inayonata ndiyo inayopita hapo kila alfajiri kwenda alikolala mtoto.

Kwa hiyo, hela uliyotaka kuikopa, au robo yake, ningeipeleka barazani. Mabati mawili matatu na nguzo za miti, yashuke kwa nje ili mvua isirudi ndani, upande mmoja uzibwe kwa bati kuukuu kukinga upepo, pande nyingine ziachwe wazi. Ukifunga pande zote umejenga sebule nyingine. Ongea na mwenye nyumba kwanza, na kama mko wapangaji watatu au wanne, changishaneni, jiko la mvua liwe la wote. Nimeona wakifanya hivi na wenye nyumba wengi hawakatai, kwa sababu dari na kuta zao zinaacha kuwa nyeusi. Moto uwashwe huko, upikie huko, uishie huko, majivu yenye makaa hai yabaki huko. Unapopika, mlango wa chumba cha mtoto ufungwe, wa nje uachwe wazi.

Kwenye kuwasha, achana na mifuko ya plastiki, vipande vya ndala na mafuta ya taa. Vinawaka haraka na vinatoa sumu ambazo mkaa peke yake hauna. Magunzi makavu, vipande vya mbao visivyopakwa rangi, karatasi kidogo, vinatosha. Mkaa uuhifadhi pakavu, maana ulionyeshewa unafuka moshi muda mrefu. Na mtoto asiwe mgongoni wakati unapuliza.

Maziwa endelea kumpa kama uwezo upo, ni chakula kizuri. Ila yanakwenda tumboni, na njia ya tumboni na njia ya mapafuni zinatengana kooni. Hakuna tone linalofika kufagia kifua. Wachimbaji dhahabu na mafundi rangi wengi wanaamini hivyo na wanaacha kujikinga kwa sababu wamekunywa maziwa, na hilo linanisikitisha sana. Maua nayo ni mazuri kwa macho. Habari ya kwamba yanasafisha hewa ilitokana na majaribio ya 1989 ya wanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Sebule yako si kisanduku, na masizi hayaliwi na majani.

Tuje kwenye gesi. Hofu yako ina msingi, mtungi unaovuja unaweza kuunguza nyumba. Lakini hatari yake ina kengele na ya mkaa haina: gesi ya kupikia imetiwa harufu kali kwa makusudi ili pua iijue. Ni nzito kuliko hewa, inapovuja inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwa nyumba iliyozibwa nyuma na jiwe, mtungi wako ukae karibu na mlango, usiwe kona ya ndani. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, funga, rudisha. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, funga mtungi, fungua mlango, toka na mtoto. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, jiko linahitaji kusafishwa. Na hata gesi inatoa hewa chafu kiasi, kwa hiyo dirisha bado lifunguliwe.

Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na utazidi kusikia matangazo. Mimi sitakuambia uhame siku moja. Mtaji wa mtungi na jiko ni mzigo, na kupandisha mtungi ngazi za mawe za Mabatini ni kazi nyingine. Fanya hesabu ya wiki moja kwa daftari: kila kopo la mkaa unalonunua, liandike. Anayenunua kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na wengi wakijumlisha mwezi wanashangaa. Kisha anza na mtungi mdogo kwa chai, uji na mboga za siku za mvua. Maharage na makande, kama una umeme, presha kuka ya umeme inayapika bila mwali wowote, na kwa kuwa ikishapata joto inajizima na kujiwasha yenyewe, maharage yanaiva kwa chini ya uniti 1. Maandazi yabaki kwenye mkaa chini ya bati lako jipya mpaka biashara ijilipie jiko kubwa la gesi.

Na ile mashine. Zipo zinazofanya kazi kweli, zenye kichujio kizito kinachonasa chembe. Lakini hakuna kichujio cha aina hiyo kinachonasa kaboni monoksaidi, kwa hiyo ungekuwa na hewa isiyo na masizi na bado jiko linakudhuru. Kichujio kinajaa, na kwa nyumba yenye jiko na dawa ya mbu kitajaa upesi, kukibadilisha ni hela nyingine. Nyingine zinazotembezwa mtaani ni feni yenye taa ya bluu na manukato.

Ukiwahi kukuta watu wawili au zaidi ndani wanalalamika kichwa na kutapika kwa pamoja, au mtu haamki na jiko liko ndani, usianze kumwamsha hapo. Fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha hospitali, na uwaambie kulikuwa na mkaa.

Mtoto mpeleke kituo cha afya wiki hii hata kama pumzi zake ziko chini ya 40. Kikohozi kinachorudi rudi usiku, hasa akipumua kwa mluzi, kinaweza kuwa pumu, na pumu ina dawa zake za kuvuta. Kikohozi kilichofika wiki 2 kinatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu, na kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa muda mrefu, nendeni naye. Beba kadi ya kliniki waone uzito wake umekwendaje. Usimpe dawa ulizobakiza za mara iliyopita. Na ukifika kwa muuguzi, usiseme kikohozi tu, mweleze kuhusu dawa ya mbu, jiko la sebuleni na dirisha lililofungwa, maana asipojua hayo atakutibu na kukurudisha humo humo.